Kinyoya cha Katikati

Sindano alipoambiwa na daktari kwamba dawa zimefika mwisho wake, hakulia, wala hakuuliza amebakiwa na muda gani. Aliuliza kitu kimoja tu, na akaendelea kukiuliza nyumbani, akiwa amelala kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha: nani atabaki na Mama. Kila aliyeingia kumjulia hali alikutana na swali hilo. Wengine walimwambia aache kufikiria mambo hayo, atapona kwa uwezo wa Mungu. Wengine waliinamia vikombe vyao vya chai kana kwamba jibu limejificha kwenye majani. Wifi yake, mke wa kaka yake, alilisikia mara nyingi kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumnywesha uji. Na kila alipolisikia, neno lilimpanda mpaka kooni, likarudi lilikotoka.

Neno lenyewe alilijua vizuri. Zamani alilitamka kwa sauti mbele ya umati wa watu, katika nchi za mbali ambako hata kuomba maji ya kunywa ilibidi atumie mikono.

Waliomwona yeye na wifi yake wakicheza pamoja enzi hizo hawakuwajua kwa majina ya nyumbani. Mmoja alikuwa Sindano, mwingine Kimya, na majina yote mawili yalitoka kazini.

Sindano aliajiriwa akiwa msichana katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi vitabu. Siku hizo kurasa zilishonwa kwa mkono: unakunja, unapanga, unapitisha uzi mgongoni mwa kitabu, unavuta, unafunga. Wenzake walishona huku wakipiga soga. Yeye alishona akiwa ameuma midomo, na kiganja chake kilizunguka haraka hata msimamizi akasema huyu si mtu, ni sindano. Jina likamganda.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na ukumbi wa wafanyakazi. Mchana ulikuwa bwalo la chakula. Jioni meza zilisukumwa ukutani, wavu ukafungwa kwenye nguzo mbili, na watu wakacheza mpira wa vinyoya, yaani badminton. Paa la ukumbi ule lilikuwa chini mno. Ukipiga kinyoya juu, kinakwama kwenye boriti, na huko juu vilikuwa vimejazana vinyoya vya miaka yote, vimefubaa kwa vumbi, mpaka wageni wakadhani ni viota. Kwa sababu hiyo Sindano hakujifunza kupiga juu. Alijifunza kupiga chini chini, kinyoya kinalambalamba uzi wa wavu na kuanguka pale pale upande wa pili, mpinzani akabaki ameinama kama mtu aliyeangusha kishikizo.

Aliyewafundisha alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapia, mzee mfupi mwenye vidole vyeusi kwa wino, na kila mtu alimwita Fundi. Hakuwa na cheti cha ukocha. Alikuwa na filimbi, uvumilivu, na kitambaa cha mafuta ambacho alifutia mashine na jasho lake pia. Ndiye aliyemwona msichana mgeni wa chumba cha prufu, kazi yake kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kutafuta makosa. Chumba kile kilikuwa na sheria ya kutosema neno, na msichana aliishika sheria hiyo hata nje, ndipo wakamwita Kimya. Lakini alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na Fundi alipouona mkono ule ukishika raketi, alimwita Sindano pembeni akamwambia kwamba mwenzake amepatikana.

Mchezo wa wawili wawili una jambo lake. Mmoja akitumia mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, wakisimama sambamba ipasavyo, raketi zao zote mbili zinaelekea katikati ya kiwanja. Ni faida kubwa, na ni balaa pia. Kinyoya kinachoshuka katikati kinaweza kuwa cha yeyote kati yao. Hapo ndipo timu nyingi huharibikiwa: ama raketi zinagongana, ama kila mmoja anamwachia mwenzake na kinyoya kinadondoka miguuni pao wakikitazama. Fundi aliwapa sheria moja, akairudia mpaka wakaiota.

“Anayekitaka aseme ‘niachie’, na aseme mapema. Mwenzako akishaita, toka njiani. Hata ukiona atakosa, toka njiani.”

Kimya ndiye aliyeita zaidi. Alikuwa na jicho la prufu, aliona mapema kila kitu kinapoelekea. Sindano alimtania kwamba maneno yote anayoyabana mchana kutwa kule chumbani anakuja kuyamwaga jioni kichwani kwake. Niachie, niachie, ukumbi mzima ukisikia. Na Sindano, ambaye hakuwahi kumpisha mtu yeyote kwenye foleni ya bwalo, alitoka njiani kila alipoitwa.

Vinyoya vizuri vilikuwa adimu, kwa hiyo kabla ya mashindano vilipelekwa nyumbani kwa Mama yake Sindano. Manyoya makavu huvunjika upesi. Yakipigwa mvuke kidogo yanakaa. Mama, mjane wa maneno machache na macho makali, aliweka birika jikoni, akashika kinyoya kimoja kimoja juu ya mdomo wa birika, akakizungusha. Alinung'unika kwamba binti za wenzake wanawaletea mama zao wajukuu, wake anamletea manyoya ya bata. Lakini hakuruhusu mtu mwingine aguse birika lile. Na alipofunga boksi aliweka kiganja juu ya kifuniko akaliombea kabla ya kumkabidhi binti yake.

Mara ya kwanza walipopelekwa nje kuwakilisha nchi, aibu iliwapata. Waliingia kwenye ukumbi wenye dari ya kwenda mbinguni, taa kama jua. Wapinzani walipopiga kinyoya juu, Sindano alisimama anakisubiri, anakisubiri, na kiliposhuka alikuwa ameshakisahau. Walifungwa kabla jasho halijawatoka. Usiku ule Kimya alilia bafuni. Sindano alisali, akalala, na asubuhi akamwambia kwamba tatizo lao ni dogo tu: hawajazoea kutazama juu. Waliporudi, Fundi aliwatoa kiwandani akawapeleka uwanja wa wazi siku zisizo na upepo, akawarushia vinyoya mpaka shingo zikauma.

Kuanzia hapo mambo yakawanyookea. Miaka ikapita, na wale wanawake wawili wa kiwandani wakaanza kuogopwa. Walilala kwenye viti vya viwanja vya ndege, walifua sare zao kwenye masinki ya hoteli wakazianika kwenye taa, walicheza na wenzao waliokuja na wakandaji na mafundi wa kufunga nyuzi za raketi. Wakashinda, wakashindwa, wakashinda zaidi. Picha yao wakiwa na medali shingoni ilitundikwa bwaloni juu ya sufuria za wali. Mpishi alidai tangu itundikwe wali hauungui.

Ndipo kaka yake Sindano, dereva wa malori ya masafa marefu, alipokuja jioni moja kumchukua dada yake na kumkuta Kimya akikunja wavu. Kuanzia siku ile safari zake zote zikawa zinapita mlango wa kiwanda. Sindano alimwambia bila kupepesa macho.

“Mchukue, nimekupa. Ila mkono wa kushoto ni wangu.”

Kwa hiyo Kimya akaolewa, na mwenzake wa uwanjani akawa wifi yake, tena wifi mkubwa, binti wa kwanza wa nyumba ile. Ndoa ilikuwa njema. Mama alimpokea vizuri, kwa heshima na umbali wake: hakuwahi kutokea mbele ya mkwe wake bila kitambaa kichwani, na Kimya hakuwahi kuingia chumbani kwake bila kuitwa. Walipendana hivyo, mlango ukiwa kati yao.

Shida ilianza kwa jambo dogo. Shangazi yake Sindano alikuja ukumbini kuwatazama wakifanya mazoezi. Usiku wakati wa chakula akasema, kama anayetania, kwamba kumbe mke wao anamfokea wifi yake namna ile, niachie, niachie, utadhani anafukuza kuku kwenye mpunga. Watu walicheka. Sindano mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Kimya alicheka pia, lakini tonge lilimkwama, na Mama, ambaye hakucheka wala kusema neno, alimwongezea mchuzi. Mchuzi ule Kimya aliupima kwa kila mizani. Akauona ni onyo.

Mwaka ule mashindano ya kufuzu kwenda kwenye michezo mikubwa ya dunia yalifanyika kwao, katika mji wao wenyewe. Mshindi wa nusu fainali alikuwa anapita. Ukumbi ulifurika. Safu ya mbele ilikuwa ya ukoo: Shangazi, binamu, majirani, na Mama katikati yao na kitambaa chake cheupe. Sindano alikuwa na umri ambao wote walijua hautamletea nafasi nyingine.

Walicheza kama hawajawahi kucheza. Seti ya kwanza yao, ya pili ya wageni, ya tatu ikaenda bega kwa bega mpaka mwisho. Katika pointi ya mwisho kinyoya kilipigwa huku na huko mpaka watu wakaacha kushangilia wakashika vichwa. Kisha kikapigwa juu, kikaja kikishuka katikati, polepole, chepesi, cha mtoto. Kimya alikiona tangu kinatoka kwenye raketi ya mpinzani. Kilikuwa chake. Alifungua mdomo. Jicho lake likapita kwenye safu ya mbele, kwenye kitambaa cheupe, na neno likageuka likarudi tumboni. Sindano alisubiri kusikia, kwa maana miaka yote alisikia. Hakusikia. Akanyoosha mkono akiwa amechelewa, na kinyoya kikagusa sakafu kati ya viatu vyao.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Sindano alivua viatu, akavipanga chini ya benchi. Fundi alisimama mlangoni akijifuta uso kwa kitambaa cha mafuta. Kimya hakuweza kunyanyua kichwa.

“Pale ndani mimi si wifi yako,” Sindano akasema mwishowe. “Pale ndani sina ukoo. Kile kilikuwa chako, na ulikijua.”

Hakusema zaidi siku ile wala baadaye. Walitoka nje, wakamkuta Mama anawasubiri. Kimya alimpigia goti akamwomba radhi kwa kuwaaibisha. Mama alishangaa. Alisema hakuona lolote. Tangu seti ya tatu ianze alikuwa amefumba macho anawaombea, na kwa kelele zile hakusikia hata jina lake mwenyewe. Aliuliza kwani nani kashinda.

Sindano alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua machozi yale yalikuwa ya nini.

Walicheza miaka mingine kadhaa, mpaka goti la Sindano likakataa. Michezo mikubwa waliitazama kwenye televisheni ya bwaloni. Kimya alizaa, akaacha mashindano. Sindano hakuolewa. Alipoulizwa alisema Mungu alimpa vitu vingi kwa mkono mmoja, asingeweza kumlaumu kwa mwingine. Mashine za kushona vitabu zilipoletwa, alihamishiwa ghala la karatasi, na jioni alifundisha wasichana katika ukumbi ule ule wa paa fupi. Baadaye Mama akapigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala. Sindano akahamishia kitanda chake chumbani kwa Mama. Alimwogesha, alimvalisha, alimfunga kitambaa kabla mtu hajaingia. Ilikuwa kazi yake peke yake, na alikuwa mwepesi kusema hahitaji msaidizi.

Halafu yakaja maumivu, vipimo, na yale aliyoyasema daktari. Kitanda chake kikarudishwa kwenye chumba cha pili, cha dirishani, na muuguzi jirani akaombwa apite asubuhi kumwogesha Mama kwa muda. Kwa muda, walisema. Muuguzi alikuwa anahama mwisho wa mwezi.

Ndipo ukoo ukakaa kikao sebuleni. Mlango wa chumba cha Sindano uliachwa wazi. Aliomba mwenyewe uachwe wazi. Mama aliletwa kwenye kiti chake cha magurudumu, amefunikwa khanga miguuni. Kaka alisema angependa, ila kazi yake ni barabara, na mwana wa kiume atamwogeshaje mama yake. Binamu alisema nyumba yake ina ngazi. Shangazi alisema mgongo wake wenyewe unaogeshwa na mjukuu. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli, hakuna aliyedanganya. Mtu mmoja akataja makao ya wazee, wengine wakatazama sakafu. Kisha pakawa kimya kabisa, na katika kimya hicho kila mmoja alimtazama mwenzake.

Kimya alikuwa amesimama mlangoni, kati ya sebule na chumba cha mgonjwa, na bakuli la uji mkononi. Alijua kile kimya. Aliwahi kusimama ndani yake. Alijua pia kitakachosemwa, kwamba mkwe hawezi kumwona mama mkwe utupu wake, kwamba ni aibu kwa wote wawili. Yeye mwenyewe hakujua atauingizaje mkono wake katika aibu ile. Alimgeukia Sindano. Sindano alikuwa amelala chali, macho darini, midomo imeumwa kama zamani kwenye uzi. Hakuuliza swali lake siku hiyo. Alikuwa anasikiliza.

“Niachie,” Kimya akasema.

Alilisema kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile, uji ukamwagika kidogo. Watu waligeuka. Shangazi akaanza kusema kwamba jambo hili lina heshima yake, mke wa mtoto hawezi. Mama akainua mkono wake mzima. Maneno yalimtoka polepole tangu ugonjwa, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

“Huyu? Huyu ataniona.”

Jibu lilitoka nyuma ya Kimya, kitandani, kwa sauti nyembamba.

“Mama, ameshaita. Tokeni njiani.”

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kaka aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Mama alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kisha akashusha mkono wake mapajani, na kikao kikaisha bila mtu kukifunga.

Asubuhi iliyofuata Kimya alichemsha maji kwenye birika lile lile la manyoya, limeingia weusi na kubonyea ubavuni. Akachanganya na ya baridi kwenye ndoo, akamsukuma Mama mpaka bafuni, ukuta mmoja na chumba cha Sindano. Akafunga mlango. Akamfungua kitambaa kichwani, mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yake, na chini yake kulikuwa na nywele nyeupe, laini, chache. Mama alitazama ukutani. Alipomvua nguo ya mwisho Kimya alifumba macho. Aliona ndiyo heshima pekee iliyobaki kumpa. Akachota maji kwa kopo, akayamimina kwa kukisia, akipapasa bega.

Mama alivumilia kidogo.

“Fumbua macho, mwanangu,” akasema, neno moja baada ya jingine. “Unaogesha ukuta.”

Upande wa pili wa ukuta wakasikia kicheko. Kilikuwa dhaifu, kimechanganyika na kikohozi, lakini kilikuwa kile kile cha siku ya nusu fainali, cha mtu anayeegemea kitu asianguke. Mama naye akaanza kutikisika kwenye kiti. Kimya alifumbua macho. Akachukua sabuni, akaanza na mgongo.

Sindano aliaga dunia siku chache baada ya hapo, mchana, wifi yake akiwa bafuni na Mama na maji yakisikika yakimwagika. Aliyekuwa pembeni ya kitanda ni Kaka. Alisema dada yake aliacha kuuliza tangu asubuhi ile, na kwamba mwishoni mkono wake wa kulia ulikuwa ukizunguka taratibu juu ya shuka, kama unapitisha uzi. Mungu amlaze mahali pema. Kaka hakugonga mlango wa bafuni. Alisubiri mpaka Mama akaoshwa, akakaushwa, akavalishwa, na kitambaa chake cheupe kikafungwa vizuri, ndipo akawaambia.